Fedha za maafa zinasubiri picha

Kila mwaka, kati ya mwezi wa nane na wa kumi na moja, kideri hupita Singida. Katika banda la kuku ishirini mmoja anaanza kusinzia pembeni, wa pili anapinda shingo, kinyesi kinageuka kijani, na wiki haijaisha mwenye banda anafagia manyoya. Hakuna mfugaji wa Mwankoko asiyeujua ugonjwa huo. Anaujua afisa mifugo, anaujua mchuuzi anayepakia matenga kwenda Dar es Salaam, anaujua hata mtoto anayetumwa kuwafungia kuku jioni. Tiba hauna. Kinga unayo, tena inatengenezwa hapa nchini: chanjo ya I-2, tone moja kwenye jicho, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kazi yenyewe hufanyika alfajiri, kuku wakiwa bado wamefungiwa. Mmoja anamshika kuku kwa mbawa na kumlaza ubavu, mwenzake anadondosha tone, wanangoja apepese jicho, anaachiwa, analetwa mwingine. Banda la kuku ishirini linamalizika kabla maji ya chai hayajachemka.

Nimeanza na kuku kwa makusudi, maana likitajwa neno maafa wengi wetu tunaona helikopta, mahema meupe na kiongozi aliyevaa mabuti akipiga picha mbele ya tope. Katika kata kama Mwankoko, iliyo ndani ya Manispaa ya Singida lakini inayoishi kwa jembe, maafa mengi huanza na banda tupu ambalo hakuna mwandishi wa habari aliyewahi kutumwa kulipiga picha.

Kuku wa kienyeji ndiye fedha ya mkononi ya kaya. Ndiye anayenunua chumvi, daftari na dawa ya mtoto aliyeamka na homa. Wakifa Septemba, Novemba mvua zinapokaribia hakuna cha kununulia mbegu wala cha kukodi plau, kwa hiyo anauzwa mbuzi. Anapelekwa mnadani siku ambayo nusu ya majirani nao wamepeleka mbuzi, na bei anaipanga mnunuzi. Mvua za msimu zikianza vizuri kisha zikakata Februari, jambo ambalo Kanda ya Kati imelizoea, mahindi yanakauka yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, uwele unadumaa, na debe la mahindi gulioni linapanda bei siku zile zile ambazo mbuzi anashuka. Hapo mama anakwenda kupalilia shamba la mwenye uwezo ili apate unga wa jioni, na lake linamezwa na magugu. Njaa ya mwaka huu inakuwa imekwisha kula mavuno ya mwaka kesho.

Ukifika kwenye kaya hiyo mwezi Machi na karatasi ya tathmini mkononi, utaandika kwamba imeathiriwa na ukame. Ndivyo fomu inavyotaka. Lakini ilianguka kidogo kidogo tangu Septemba, na kila pigo lililifungulia njia lile linalofuata. Serikalini mapigo hayo yana wenyewe tofauti: kuku ni wa idara ya mifugo, mbegu ni za kilimo, mvua ni ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, mtoto aliyekonda ni wa zahanati, na chakula cha msaada ni cha Ofisi ya Waziri Mkuu. Kila ofisi inaweza kusema kwa haki kabisa kwamba sehemu yake haikuwa kubwa kiasi cha kuitwa dharura.

Majanga kuja kwa kupandana si jambo la juzi. Jirani zetu Wagogo wana jina la njaa ya 1917 hadi 1920: Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza kwa kina, anakadiria kwamba iliua watu wapatao 30,000 katika eneo lililokuwa na watu kama 150,000. Mvua zilikosekana, ndiyo, lakini Ugogo ulikuwa umezoea mvua kukosekana. Tofauti ya safari ile ni kwamba majeshi ya Wajerumani yalikuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya vita, na Waingereza walipoingia nao wakachukua. Ukame ulikuta maghala hayana kitu na mazizi yamepungua. Kisha yakaja mafua makubwa ya dunia ya mwaka 1918, yakawakuta watu ambao miili yao haikuwa na akiba yoyote. Miaka hamsini na kitu baadaye, ukame wa katikati ya miaka ya 1970 ulikutana na Operesheni Vijiji, watu wakiwa wamehamishwa na mashamba yao wameyaacha nyuma, na taifa likajikuta linaagiza nafaka nje kwa fedha za kigeni ambazo halikuwa nazo huku likipiga mbiu ya Kilimo cha Kufa na Kupona.

Wanyaturu wa Singida walikuwa na namna yao ya kukabili hali hiyo. Harold Schneider, Mmarekani aliyekaa Unyaturu mwaka 1959 na 1960 na baadaye akaandika kitabu juu ya uchumi wao, alieleza jinsi nafaka ya mwaka wa neema ilivyogeuzwa kuwa mifugo, na mifugo ikageuzwa tena nafaka mwaka wa shida. Siri yote iko kwenye wakati. Mbuzi aliyeuzwa Oktoba ana thamani, aliyeuzwa Februari amekonda na wenzake wamejaa mnadani. Mzee aliyekuwa akitazama mawingu ya Novemba na kuamua kutoa mbuzi wawili mapema alikuwa anafanya kile ambacho leo mashirika ya misaada yanakiandalia mikutano Geneva, yaani kuchukua hatua kabla ya janga.

Kilichobadilika tangu enzi za mzee huyo ni kwamba tahadhari zimeongezeka na akiba imepungua. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za msimu, zile za Novemba hadi Aprili ambazo Singida inazitegemea peke yake, kabla msimu haujashika kasi. Kituo cha ICPAC cha Nairobi hutoa utabiri wa ukanda mzima tangu mwisho wa Agosti. Serikali ina mfumo wake wa kuchambua hali ya chakula na lishe, MUCHALI. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Namba 6 ya mwaka 2022, yenye kamati kuanzia taifa hadi ngazi ya kijiji. Kwa karatasi tumejaliwa. Tatizo ni kwamba karatasi zote hizo zinaishia kwenye kutahadharisha. Mwananchi anaambiwa "achukue tahadhari", afisa anaambiwa "ajipange", na fedha zinabaki mahali zilipo mpaka itokee picha ya kuzitoa.

Mwaka 2006 ulikuwa wa kutufundisha. Bahari ya Hindi ilikuwa imepata joto, na watafiti waliokuwa wakifuatilia picha za setilaiti walitoa onyo la Homa ya Bonde la Ufa wiki mbili hadi sita kabla ugonjwa haujajitokeza Somalia, Kenya na Tanzania. Ugonjwa huo una tabia inayojulikana: mvua kubwa baada ya kiangazi, mbu wanazaliwa kwa wingi kwenye madimbwi, ng'ombe na kondoo wanatupa mimba, kisha wanaugua wachinjaji na wanaokamua maziwa. Chanjo ya mifugo ipo, lakini ina maana ikitolewa kabla. Ukichanja kundi ambalo tayari lina wagonjwa, sindano ile ile inaweza kuuhamisha ugonjwa kutoka mnyama hadi mnyama. Hapa nchini chanjo ilifuata nyuma ya ugonjwa. Hadi mlipuko unaisha mwaka 2007, watu 309 walikuwa wameripotiwa kuugua na 144 walikuwa wamekufa, zaidi ya nusu ya wagonjwa wakitoka kwa jirani zetu wa Dodoma. Onyo lilikuwa sahihi kuhusu mahali na wakati. Sijui tunaweza kuomba nini zaidi kwa wataalamu.

Halafu kuna majanga yanayokuja baada ya njaa kuonekana imekwisha. Mwaka 2016, Chemba na Kondoa mkoani Dodoma na Kiteto mkoani Manyara watu walianza kuvimba tumbo na macho yao kugeuka ya manjano. Walikuwa wamekula mahindi yaliyoota sumukuvu. Wagonjwa 68, vifo 20. Mahindi yaliyovunwa na unyevu na kuanikwa kwenye udongo yakiingizwa ndani haraka, kwa kuhofia wezi au mvua, hayaonyeshi kitu kwa macho. Kaya iliyotoka kwenye miezi mitatu ya kula mlo mmoja haiwezi kuambiwa isubiri nafaka ikauke wiki mbili zaidi. Wala haitatupa gunia lililobadilika rangi. Turubai la kuanikia, likigawiwa Aprili, lingekuwa hatua ya afya, ya kilimo na ya maafa kwa mara moja, na ndiyo maana halina idara inayoliona kuwa lake.

Nitagusa kidogo tu mvua za 2023, kwa kuwa bado ziko vichwani. Agosti mwaka huo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba vuli itakuwa na mvua za juu ya wastani kwa sababu ya El Niño. Tarehe 3 Desemba tope likaporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, mji ulio kwenye barabara yetu ile ile ya kwenda Babati, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Si haki kusema utabiri wa msimu ungeweza kutaja korongo gani litabomoka siku gani. Lakini mvua hazikuishia hapo: Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamefariki nchini kutokana na mvua hizo na zaidi ya 200,000 wameathirika. Kati ya Agosti na Aprili kuna miezi minane.

Mwankoko ina sababu nyingine ya kutazamwa kwa makini, na hii inawahusu hata wale wa mjini wasiojua mtama unapaliliwa vipi. Singida mjini kuna maziwa mawili mazuri ya kutazama, Singidani na Kindai, yote ya maji ya chumvi. Maji ya bomba ya mji hutegemea visima virefu, vikiwemo vya Mwankoko na Irao. Visima vinategemea pampu, pampu zinategemea umeme. Umeme ukikatika siku kadhaa wakati wa mvua kubwa, watu watarudi kwenye madimbwi na visima vifupi ambavyo mafuriko yamekwisha kuvichafua, na kipindupindu hakihitaji mwaliko. Nchi hii iliwahi kuandikisha wagonjwa zaidi ya 40,000 wa kipindupindu katika mwaka mmoja, 1997, mwaka ambao ulianza kwa ukame na kuisha kwa El Niño. Dizeli ya jenereta la kisimani na ndoo za dawa ya kutibia maji vikinunuliwa Oktoba ni manunuzi ya kawaida. Vikinunuliwa Januari, barabara imekatika na wagonjwa wako kitandani, vinakuwa "operesheni".

Kwa nini basi fedha zinasubiri? Mfano mkali kuliko yote uko Somalia. Tangu Agosti 2010 mtandao wa tahadhari ya njaa, FEWS NET, ulikuwa ukionya. Njaa ilitangazwa rasmi tarehe 20 Julai 2011, na hapo ndipo michango ilipomiminika. Utafiti uliofanywa baadaye ulikadiria vifo kuwa karibu 258,000, nusu yake watoto wa chini ya miaka mitano, na wengi walikuwa wamekwisha kufa kabla ya tangazo. Sisi nasi tuna yetu. Mapema 2017 tulitumia wiki nzima nzima kubishana kama nchini kuna njaa au kuna "upungufu", na anayesema njaa alionekana anaitafutia serikali ubaya. Tathmini ya serikali yenyewe ilipotoka ilitaja halmashauri 55 zenye uhaba. Siku za kubishana zilikuwa siku za kula mbegu.

Waliojaribu njia nyingine wapo, na wa kwanza kabisa hawakuwa mbali. Novemba 2015 Msalaba Mwekundu wa Uganda uligawa madumu, sabuni, vidonge vya kutibia maji na mifuko ya kuhifadhia nafaka huko Kapelebyong, eneo la Teso, kwa kufuata utabiri wa mafuriko, fedha zikiwa zimekwisha kukubaliwa kwamba zitatoka kigezo kikifikiwa. Bangladesh, Julai 2020, Mpango wa Chakula Duniani ulituma kwa simu taka 4,500 kwa kaya zaidi ya 23,000 kabla mto haujafikia kilele, katikati ya UVIKO-19. Watu walinunua chakula, wakahamisha mifugo, wakaepuka mkopo wa riba. Katika mifano yote miwili jambo la maana lilifanyika mezani miezi mingi kabla: mtu aliandika kigezo ni kipi, fedha ni kiasi gani, na nani ataitoa bila kuomba ruhusa tena.

Nasikia pingamizi, na lina uzito. Utabiri ukikosea je? Mwaka 2015 Kenya ilijiandaa kwa El Niño kwa kishindo, fedha zikatengwa, mvua hazikuja kwa ukali uliohofiwa, na wananchi wakabaki wanauliza zilikokwenda. Mkulima naye ana kumbukumbu. Akiambiwa mara mbili apande mtama kwa sababu mvua zitakuwa haba, na mara zote mbili jirani aliyepanda mahindi akavuna, mara ya tatu atazima redio. Ndiyo maana nasisitiza kuanza na hatua ambazo hata mvua zikinyesha kwa uzuri hazipotei. Kuku waliochanjwa hawarudishi chanjo kwa kuwa mwaka umekuwa mwema. Turubai halikai bure. Ghala lenye nafaka iliyokauka ni faida mwaka wowote. Hatua ghali, kama kuleta mahindi ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula kuuzwa kwa bei nafuu, zingojee dalili za pili na za tatu.

Dalili zenyewe hazihitaji setilaiti tu. Wachambuzi wa Kenya na wa FEWS NET wamekuwa wakifuatilia kipimo ambacho mzee yeyote wa Kinyaturu angekielewa bila semina: mbuzi mmoja ananunua madebe mangapi ya mahindi. Mtendaji wa kata akiiandika bei ya mbuzi mnadani na bei ya debe gulioni kila wiki, ataiona njaa inakuja kabla ya mtoto yeyote kupelekwa kliniki akiwa amekonda. Tuitegemee zaidi kalamu hiyo, kwa sababu macho ya wafadhili si ya kudumu. FEWS NET, iliyoanzishwa 1985 baada ya njaa ya Ethiopia, ilizimika mwisho wa Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, na kwa miezi kadhaa ramani zake hazikuwepo. Gulio la wiki liliendelea kama kawaida.

Njia ya kufikishia fedha nayo tunayo. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ina orodha ya kaya zaidi ya milioni moja nchini, na imekuwa ikilipa ruzuku kila baada ya miezi miwili. Kigezo kikifikiwa, malipo ya miezi inayofuata yanaweza kutangulizwa, na kaya zilizo ukingoni zikaongezwa kwa msimu mmoja. Orodha hiyo ina malalamiko yake, kila mtaa una mtu anayeshangaa fulani aliingiaje, lakini kuandikisha upya watu wakiwa na njaa ndiko huzaa malalamiko makubwa zaidi. Kwa upande wa fedha, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hakuna anayeiita anasa. Napendekeza asilimia moja nyingine, ikae kwenye akaunti yenye masharti, kwa hatua za mapema za ngazi ya kata. Kwa halmashauri maskini asilimia moja ni kidogo sana, nakubali, na kwa hiyo Mfuko wa Maafa wa taifa uongeze juu yake. Lakini chupa za chanjo, dizeli na maturubai ni vitu vidogo.

Kizuizi kilichobaki kiko kwenye nafsi ya mtumishi, na sioni kikizungumzwa. Mkurugenzi akitumia fedha Oktoba kwa ajili ya ukame, na mvua zikanyesha, ana hoja ya ukaguzi ya kujibu: ulinunua maturubai ya nini? Akikaa kimya mpaka Machi, watu wakalala njaa, hatajibu hoja yoyote. Atapokea malori, atapigwa picha akikabidhi magunia, na wengine watamsifu kwa kuwajali wananchi. Kwa mpangilio huo mtu mwenye akili timamu na familia ya kulisha atasubiri, na semina haitambadilisha. Kinachoweza kumbadilisha ni waraka wa wizara inayosimamia serikali za mitaa, uliokubaliwa na Ofisi ya Mkaguzi Mkuu, unaosema vigezo visainiwe Septemba na kamati ya maafa, kata kwa kata, Mwankoko ikiwa na vyake. Mkaguzi akija aulize kama kigezo kilifikiwa siku fedha zilipotoka, na kama vitu vilimfikia aliyeandikwa. Na mahali ambapo kigezo kilifikiwa lakini fedha hazikutoka, aandike hoja.